Nimeisikia Kinyozini

Ijumaa ile baada ya sala tulikuwa watu sita sebuleni kwangu, Ibra. Nilikuwapo mimi, mkubwa wa nyumba. Alikuwapo mdogo wangu wa kiume, dereva wa gari la maji. Alikuwapo mdogo wetu wa mwisho, msichana, ambaye alikuwa akisoma chuo Nizwa na kurudi nyumbani kila Alhamisi. Alikuwapo shangazi, dada yake marehemu baba, na mumewe, waliokuja kutoka Nizwa kula chakula cha mchana. Na karibu na mlango, amekunja miguu na sahani ameipakata, alikuwapo Mbangladeshi aliyefanya kazi na mdogo wangu, mmoja kwenye usukani, mwengine kwenye mpira wa maji. Gazeti halikutaja jina la mdogo wangu, nami sitaji jina la mtu hapa. Nimewataja waliokuwapo kwa sababu sote sita tuliiona video siku ile, na aliyeitazama ni mmoja tu.

Video ilikuja kwenye simu ya shangazi. Yeye ndiye mkubwa wa grupu letu la Waswahili, watu zaidi ya mia mbili waliotawanyika Nizwa, Ibra, Sur na Maskati, na wengine waliobaki Unguja. Harusi, misiba, dawa za mafua, yote hupita kwake.

"Jamani, hebu tazameni," alisema. "Mzee wa watu kagongwa jana magharibi, njia ya Samad. Kafa hospitali asubuhi hii. Aliyemgonga hakusimama."

Kamera ya duka moja la barabarani ilikuwa imelipata gari likipita muda ule, katika mwanga unaokwisha. Gari la maji, la buluu. Namba haikusomeka.

Mume wa shangazi alimgeukia mdogo wangu akicheka. "Yakhe, si yenu hii?"

"Ami, gari za maji za buluu Sharqiya hii zimejaa kama nzi. Sisi magharibi tulikuwa upande wa pili kabisa, tunajaza tangi la mama mmoja, naye anatugombeza."

"Anakugombezeni nini?"

"Eti maji yetu yana mchanga."

Tulicheka. Yule Mbangladeshi akaomba kuiona simu. Aliitazama mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Kisha akasema kwa Kiarabu chake cha kazini, kidole kimenyooka, "Hii taa moja nyuma. Yetu taa mbili."

Shangazi aliichukua simu akaifuta kwa upindo wa kanga yake, maana mkono wa yule kijana ulikuwa na mafuta ya wali. "Anasemaje huyu Mbangali?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Anasema taa," nilimjibu.

"Taa! Mtu kafa, yeye anatafuta taa."

Tulicheka tena, na yeye akaendelea kula. Kiswahili kwetu ni pazia. Ukikaa dukani, hospitali, kwenye foleni ya serikalini, ukitaka kusema jambo wasilijue watu, unalishusha. Wazee wetu walikuja nalo kutoka Unguja, na sisi tumelikuta limetundikwa.

Siku ya pili, Jumamosi, polisi walikuja kumchukua mdogo wangu, wakalichukua na gari.

Lazima niseme kidogo kuhusu sisi. Baba alikufa nikiwa darasa la tisa, na mama hakumaliza mwaka nyuma yake. Sikurudi shule. Nilijua kushona kofia za viua, kazi niliyofunzwa na mama, na kwa kofia hizo niliwalea wawili hawa. Kofia hushonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu. Kila tundu unalitoboa kwa sindano, unalizungushia uzi, na kofia moja inaweza kukuweka wiki tano. Ukitoboa pahala si pake, hata ukiufumua uzi, kitambaa kinabaki na tundu. Mnunuzi anayejua huipeleka kofia kwenye mwanga na kuliona.

Kwa hiyo nilipoambiwa mdogo wangu anashtakiwa kwa kumuua mtu barabarani na kukimbia, sikujiona kama dada. Nilijiona kama mama aliyeambiwa kuwa hakumlea mwanawe. Niliyoyataka yalikuwa mawili: atoke, na atoke bila ya alama.

Wakili tuliyempata alikuwa kijana mpole wa Nizwa. Aliniambia jambo moja na akalirudia mara tatu. "Usimwambie mtu kitu chochote kuhusu kesi. Si jirani, si jamaa. Si kwenye simu."

"Hata wakimsingizia?"

"Hasa wakimsingizia. Atakayehukumu ni hakimu, na hakimu anasoma faili."

Nilinyamaza. Lakini wengine hawakuwa na wakili wa kuwaambia wanyamaze. Kulikuwa na ukurasa mmoja wa habari unaofuatwa na watu wengi, na siku ya tatu uliandika: "Akamatwa dereva aliyemuua mzee na kumwacha barabarani." Hawakuandika "anayetuhumiwa". Waliandika wilaya, kazi yake na umri wake. Kwa mji kama Ibra hilo latosha, jina watu walijaza wenyewe. Chini yake watu walikuwa wameandika maoni, mistari na mistari, na mdogo wangu wa kike alikuwa akinisomea mpaka nikamwambia basi. Halafu nikiwa peke yangu nilikuwa nikisoma mwenyewe, polepole, kama anayesoma barua aliyoandikiwa.

Nyumba ilitubana. Mlango wa mbele tuliacha kuufungua. Kwenda dukani nilitoka nyuma, nikapita kichochoro cha mitende. Kwenye harusi hatukualikwa, au tulialikwa na shangazi akapiga simu kusema labda safari hii tupumzike. Mdogo wangu wa kike aliacha kukaa mbele kwenye basi la chuo.

Pahala pamoja nililazimika kwenda. Kila Jumatano Ibra kuna soko la wanawake, na mimi huuza hapo kofia na nyuzi. Nisipokwenda, hatuli. Jumatano ya wiki ya nne nilikaa kwenye mkeka wangu, mteja amechuchumaa mbele yangu, kofia ya mumewe iko gotini kwangu naipima. Rafiki zake wawili wakaja na simu. Walizungumza Kiarabu, hapa naandika kwa Kiswahili changu.

"Umemwona huyu? Afungwe mpaka ndevu zimfike magotini."

"Nasikia ni wa hawa waliotoka Zanzibar."

"Ndio mwendo wao. Wanaendesha kama wanafukuzwa."

"Na hata hakugeuza shingo. Mzee wa watu yuko chini kama mfuko."

Yule mteja alininyooshea simu. "Na wewe waonaje, mama wa kofia?"

Nilikuwa na utepe wa kupimia mkononi na sindano mdomoni. Kuinuka sikuweza, vitu vyangu vyote vimetandazwa. Kusema sikuweza pia. Nilitoa sindano nikasema, "Mungu ndiye ajuaye."

"Mungu anajua," alisema, "na kamera pia inajua."

Wakacheka. Nilipima kofia ile mara mbili na mara zote mbili nikakosea. Walikaa kwangu muda mrefu, wanaitazama video na kuhukumu, na kila aliyepita aliitwa naye ahukumu. Walianza watatu wakaisha saba. Hakuna aliyetaka kununua kitu, na hakuna aliyeondoka.

Nilirudi nyumbani nimejaa. Ndipo nilipokumbuka jambo. Zamani kidogo, jioni moja, mdogo wangu aliingia akicheka. "Dada, leo nimeendeshwa mimi. Mbangali wangu kashika usukani, nimekaa kama bosi." Wakati ule nilicheka nikamwekea chakula. Sasa maneno yale yalirudi yakiwa na uzito mwengine. Sikumuuliza mtu. Nilifungua grupu la shangazi, nikabonyeza pahala pa sauti, nikasema:

"Assalaam alaykum jamani. Mimi ni dada yake. Nimenyamaza, lakini na mimi nina moyo. Mdogo wangu si mtu wa kumwacha mzee chini. Usukani ule hashiki peke yake. Yule Mbangali wake humpokea, na leseni hana. Muulizeni yeye."

Sekunde hamsini. Nilijiambia ni Kiswahili, ni watu wetu, ni nyuma ya pazia. Watu waliniandikia papo hapo, mioyo na dua. Kwa mara ya kwanza katika wiki nne nilihisi dirisha limefunguliwa. Nilioga, nikasali magharibi, nikakaa kwenye kofia.

Kabla ya isha sauti yangu ilikuwa imekwishafika kwa watu wasiojua hata neno "karibu". Mmoja wetu alimpelekea mkewe, mke akamfasiria nduguye, ndugu akaandika kwa Kiarabu. Asubuhi ule ukurasa wa habari ulikuwa na kichwa kipya: "Dada wa mshtakiwa: aliyeendesha ni mfanyakazi wa kigeni asiye na leseni."

Wakili alinipigia kabla sijanywa chai.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemtetea."

"Mdogo wako amewaambia polisi alikuwa kwenye usukani, na alikuwa nyumba ya yule mama wa mchanga. Wewe umeuambia ulimwengu kuwa hakuwa kwenye usukani. Mwendesha mashtaka atasema: ikiwa gari halikuwapo pale, dada mtu anamtafutia mdogo wake kisingizio cha nini? Unaelewa? Umesema kwamba gari ni lenu."

Nilielewa.

Siku ya kumtembelea, mdogo wangu hakunisalimia. Aliniuliza tu, "Dada, ulisema?"

"Nilisema."

"Siku ile niliyokwambia nimeendeshwa, alilirudisha gari nyuma tu, dada. Kiwanjani kwa kampuni. Hatua ishirini, nami nimekaa pembeni namcheka. Ulikuwa mchezo." Alijifuta uso. "Yule mama anakumbuka mchanga, hakumbuki saa wala siku. Aliyekuwa na mimi magharibi ile ni mtu mmoja tu hapa duniani. Na wewe umemtangaza kuwa muuaji."

Kampuni ilikuwa imemwachisha kazi yule Mbangladeshi siku ileile ya habari. Polisi walimwita siku mbili mfululizo. Nilikwenda kwenye nyumba waliyokuwa wakikaa wafanyakazi wa kampuni ile, mdogo wangu wa kike akiwa pamoja nami, nikauliza. Mwanamme aliyefungua mlango alinitazama, akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwangu, akasema, "Hayupo," akafunga. Mjini watu walisema keshakimbia. Wengine walisema kukimbia kwake ndio ushahidi.

Siku ya kesi tulifika mapema, tukakaa ndani ya gari la mume wa shangazi mbele ya mahakama, mlango haujafunguliwa. Hapo ndipo alipotusimulia habari za baba yake, ambaye sisi hatukumjua.

"Marehemu baba alikuwa mzee wa baraza kwenye korti ya Unguja. Raia wa kawaida, ana duka la chumvi. Wanakaa wawili watatu na jaji, wanasikiliza, halafu jaji anawauliza kila mmoja: wewe waona ana hatia au hana? Basi kesi ikianza, baba barazani kwenye kahawa hendi. Anakunywa kahawa yake nyumbani, anatukera sisi. Akisema korti hailishwi maneno ya nje, ukisha kuyala huwezi kuyatapika. Siku moja kaingia kortini, wameshakaa, kasimama. 'Bwana jaji, mimi sitoshi. Kesi hii nimeisikia kinyozini.' Kichwa chake kimenyolewa nusu, wallahi. Kinyozi alipoanza kuieleza, kanyanyuka na povu lake akaja zake."

"Jaji alifanya nini?" niliuliza.

"Kamwambia nenda kamalize kunyoa."

Shangazi alimtazama mumewe. "Na wewe mbona uliandika kwenye grupu kuwa sheria ishike mkondo wake, hata akiwa ni wetu?"

"Niliandika."

"Ulikuwa kortini?"

"Nilikuwa kitandani," alisema, na mlango wa mahakama ukafunguliwa.

Nimelifikiri sana jambo lile. Kwetu hapa hakuna wazee wa baraza, anahukumu hakimu. Lakini mimi nilikuwa nimewaona wazee wa baraza zaidi ya mia mbili kwenye simu, na saba kwenye mkeka wangu, na wote walisikia kesi kinyozini, na hakuna hata mmoja aliyesimama akasema mimi sitoshi. Na mimi ndiye niliyekuwa nimekamata wembe.

Ndani palikuwa padogo kuliko nilivyodhani. Mtoto wa yule mzee aliyekufa, mwanamme wa makamo, alikaa mstari wa mbele, kofia yake imeshonwa vizuri. Mdogo wangu aliletwa, amekonda. Kisha akaitwa shahidi, na mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia yule Mbangladeshi. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Hakutazama upande wetu.

Alieleza kupitia mkalimani. Walikuwa nyumba ya yule mama, aliyekamata usukani ni mdogo wangu, adhana ya magharibi iliwakuta mpira uko kwenye tangi. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama aliwahi kuendesha gari lile. Alijibu bila ya kuchelewa: mara moja, kiwanjani, kurudi nyuma, na leseni hana. Nilishusha macho. Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angeweza kuthibitisha.

Mwendesha mashtaka akauliza tena, "Una uadui na mshtakiwa?"

"Hapana."

"Dada yake amesema uliyeendesha ni wewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na bado huna uadui?"

"Aliyesema ni dada yake. Huyu ni mwenzangu."

Kisha akaomba ruhusa ya kuongeza neno, akasema lile alilolisema sebuleni kwangu. Kwenye video gari lina taa moja nyuma. Gari letu taa mbili.

Hakimu aliagiza video iwekwe. Nilikuwa nimekwishaiona mara mia, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilipoiona mpaka mwisho. Gari linapita, linakuwa dogo, na pale mwisho kabisa, ambapo sote tulikuwa tumekwishaanza kusema, inaonekana taa moja nyekundu upande wa kushoto. Kulia giza. Hakimu alisimamisha picha, akaomba karatasi ya ukaguzi wa gari ya ile Jumamosi. Taa zote mbili nzima, zinawaka, vumbi lake la zamani juu yake. Mwendesha mashtaka alisema zingeweza kutengenezwa. Hakimu aliandika. Wakili alipotaja ule ujumbe wangu wa sauti ili aueleze, hakimu alimkata: "Hiyo haimo ndani ya faili. Mahakama haisikilizi simu." Akasema hukumu ni wiki ijayo.

Nilitoka mbio. Nilimkuta yule Mbangladeshi ukumbini, amesimama karibu na birika la maji ya kunywa. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa Kiarabu, nikayasema: nimekukosea, nisamehe.

Alinijibu kwa Kiswahili.

"Dada, mimi nasikia Kiswahili. Miaka sita ndani ya gari na huyu. Kila siku anapiga simu nyumbani. 'Dada, leo umepika nini?' Hiyo ndio ya kwanza nilijua."

Ijumaa zote zile alizokaa karibu na mlango. Mtu kafa, yeye anatafuta taa. Na ile sauti yangu ya sekunde hamsini, yeye hakuhitaji wa kumfasiria.

"Ulinisikia," nilisema.

"Nilisikia. Rafiki aliniletea, aliniuliza hii inasema nini. Nilimwambia sijui."

"Basi kwa nini umekuja?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Kwa sababu tulikuwa kule. Mama alitugombeza mchanga." Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, dada. Lakini wale waliosikia kwako, mimi sina namba zao."

Wiki ya pili yake mdogo wangu alionekana hana hatia. Mtoto wa marehemu alisimama, akawatazama hakimu na mwendesha mashtaka na sisi, akauliza, "Basi ni nani?" Hajajibiwa mpaka leo, na nikisikia furaha ya siku ile huwa nasikia na swali lake.

Gazeti liliandika mistari mitatu, chini, karibu na tangazo la matairi. Ule ukurasa wa habari haukuandika kitu. Mjini walisema katoka kwa sababu ya wakili, na kwamba yule Mbangali aliachiliwa kwa sababu hakuna aliyemshika kwenye usukani. Mdogo wangu aliajiriwa na kampuni nyengine. Mpaka leo kuna nyumba zikiona ni yeye aliyeleta maji hazimfungulii mpaka alete mwenzake mpya mlangoni.

Shangazi aliandika "Alhamdulillah" kwenye grupu, halafu akalifunga, awe anaandika yeye peke yake. Nilimwendea Nizwa kumwomba alifungue nipeleke sauti nyengine, ya kusema ile ya kwanza ilikuwa uongo.

"Mwanangu, khalas," alisema. "Mtoto katoka. Ukiamsha maneno yataanza upya, na safari hii yatakula jina la mdogo wako wa kike, na yuko kwenye kuposwa. Huyo Mbangali keshapata kazi Sur, kwenye magari ya barafu ya samaki. Nani anamkumbuka?"

"Mimi."

"Basi wewe unayemkumbuka mwombee."

Nilikaa kwenye zulia lake, chai inapoa, na niliona mlango wa pili umefungwa. Kwanza nilifungwa na wakili nisiseme, na nikasema. Sasa nataka kusema, nimefungwa na shangazi aliyetusimamia tangu siku ya maziko ya baba, na ambaye hajawahi kunitakia mabaya. Mdogo wangu wa kike, tulipokuwa njiani kurudi, alisema bila ya kunitazama, "Dada, mimi nikimkosa mchumba kwa sababu ya ukweli, sitalia." Ana ulimi wa mama.

Niliirekodi sauti ya pili, dakika mbili, Kiswahili halafu Kiarabu. Nikawapelekea mmoja mmoja wale ninaowajua. Ile ya kwanza ilisambazwa mpaka ikarudi kwangu kutoka kwa mtu wa Tiwi aliyeniuliza kama nimeisikia. Ya pili walioisikiliza waliniandikia "Mungu akulipe", na haikutoka kwenye simu ya mtu.

Kwa hiyo nakwenda kwa miguu yangu. Alasiri moja kwa wiki, kofia zangu mkobani ili nisionekane sina kazi, naingia nyumba moja, nakunywa kahawa, nauliza hali za watoto, halafu nasema. Nyumba moja Manah, bibi aliniambia, "Lakini mimi nimesikia huyo Mbangali alikiri." Nikamuuliza kasikia wapi. Akasema, "Si kwa dada yake mwenyewe?" Ilinichukua birika zima la kahawa kumweleza kuwa dada mwenyewe ndiye mimi, na kwamba hakuna aliyekiri ila mimi.

Kila Ijumaa, kabla ya sala, simu yangu hulia. Ni sauti fupi kutoka Sur, mashine za barafu zinanguruma nyuma yake. "Dada, leo umepika nini?" Namwambia nimepika nini. Hajawahi kuniuliza nimefika wapi, nami sijamwambia. Nimefika nyumba ya kumi na tisa. Waliosikia kwa Kiarabu sijui hata mlango wa kuanzia.